Madirisha Niliyoyaogesha kwa Mzee Zenonas

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba na Bustani,

Kwa heshima zote nilizonazo, ambazo si nyingi ila ni safi, natumaini u mzima na madirisha yako pia. Mimi ni Tautvydas, fundi wa kila kitu hapa kijijini. Shule niliiacha njiani, lakini mikono iliendelea kusoma.

Nalalamikia makala yenu ya kutoa puti kuukuu, ule udongo unaoshikiza kioo kwenye fremu, bila kuvunja kioo. Mzee Zenonas, baba yake Skaistė, alinikabidhi madirisha ya veranda yake mbele ya watu: "Kijana, toa puti yote, vioo vibaki vizima, na Pasaka utakaa mezani kwangu kando ya binti yangu. Kikipasuka hata kimoja, mayai ya Pasaka ukale kwa mama yako." Nikamjibu kazi hiyo naifanya nimefumba macho. Sasa malalamiko.

1. Mliandika kwamba puti iliyokauka ni jiwe, ukiigongea patasi kioo kinakwenda nayo. Kwanza ipashwe moto ilainike. Hapo tunakubaliana. Lakini hamkusema ipashwe wapi. Ikabidi nitumie akili yangu, jambo ambalo gazeti makini lisingeruhusu. Nikang'oa fremu, nikazipeleka kwenye bafu la mvuke la Mzee, nikazipanga benchi la juu wanapokaa wageni wa heshima, nikayamwagia maji mawe ya moto.

2. Puti ililainika kama jibini. Niliichokoa kwa kisu butu nilichokilaza upande wa mbao, na hakuna kioo kilichopata hata mkwaruzo. Hili naomba mlichape kwa herufi nene. Skaistė alichungulia mlangoni akasema, "We Tauta, mgeni gani huyo hujamchapa na matawi?" maana ndivyo tunavyochapana sisi tukiwa mvukeni. Alikuwa ananitania. Mimi nikayachapa madirisha kweli, polepole.

3. Hapa ndipo kioo kilipoonyesha utovu wa adabu. Kwetu mtu akitoka kwenye mvuke anakwenda moja kwa moja kujitupa thelujini. Mzee hufanya hivyo na goti lake bovu, mama yangu hufanya hivyo, hata padri. Hakuna aliyewahi kupasuka. Nami nikayapa madirisha heshima ileile: nikayatoa yakiwa ya moto, nikayalaza kwenye theluji. Vioo vikalia ta, ta, ta, kama vimeambizana. Mzee akatoka, akatazama, akauliza, "Umeyaogesha, kijana?" 

4. Theluji yenyewe haikupaswa kuwepo. Mtabiri wenu wa hali ya hewa alituahidi jua. Yaani gazeti hilohilo limenishauri moto, kisha likaniwekea baridi mlangoni. Ukiunganisha vizuri, utaona mimi katika kosa hili sikuwepo kabisa.

Kwa hiyo naomba mkiri gazetini kwamba mmevunja veranda ya Mzee Zenonas. Wewe mwenyewe ulete vioo vipya, umevaa suti. Na Pasaka ukale mayai kwa mama yangu kwa niaba yangu. Anapika vizuri, ila anauliza maswali mengi.

Wasalimie wachapaji, mkeo na watoto, na yule mtabiri pia, ingawa simsamehe.

Wako anayeonewa,
Tautvydas
Fundi (kwa sasa nimepumzika)

Tanbihi: Usiichape barua hii. Skaistė ameleta gazeti la jirani, lililo zima. Nusu ya chini ya makala inasema kioo cha moto kisitolewe nje, kiachwe ndani kipoe chenyewe. Nusu hiyo sikuisoma. Ndiyo niliyowashia moto jiko la bafu la mvuke. Skaistė amemsomea baba yake nusu hiyo neno kwa neno, na Mzee amecheka mpaka akakaa chini. Anasema Pasaka nije, kiti changu kipo verandani, penye tundu la dirisha, mgongo wangu uzuie upepo. Skaistė anasema koti lake linatosha watu wawili.