Kurugenzi ya Ushangiliaji, Minto

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa moja na dakika kumi asubuhi, kushangilia mpira kuliacha kuwa jambo la kila mtu na koo lake. Waraka Namba Moja, uliotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ulieleza kwamba kuanzia saa hiyo vigelegele, miluzi, ngoma, "na sauti nyingine zozote zitokanazo na furaha au uchungu" zingekuwa chini ya Kurugenzi ya Ushangiliaji, na kwamba Mwenyekiti wake ni Bwana Mugambi. Chini ya waraka palikuwa na sahihi ya Bwana Mugambi, muhuri wa Bwana Mugambi, na pongezi kwa Bwana Mugambi zilizotoka kwa Bwana Mugambi.

Msicheke kwanza. Tatizo lilikuwepo. Timu ya wasichana ya chuo kimoja kidogo cha ufundi cha Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, ambayo nusu ya wachezaji wake ni mabinti zetu, ilikuwa imefika nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu iundwe, na mechi ilipangwa kuchezwa nyumbani, Jumamosi, katika uwanja wa Minto. Mechi iliyotangulia ilikuwa na watazamaji saba, na mmoja wao alikuwa amekuja kumtembeza mbwa. Sasa Ligi ya Vyuo Vidogo ina sheria yake: timu inayocheza nusu fainali nyumbani sharti ilete mashabiki arobaini. Wasipotimia, mechi inahamia kwa wapinzani, kule ng'ambo ya mji, treni mbili na basi, kwenye uwanja ambao wasichana wetu hawajawahi kushinda hata ile sarafu inayorushwa na refa.

Habari hizo Mugambi aliletewa na binti yake mwenyewe, Abigail, ambaye ndiye golikipa.

"Forty people, Dad," alisema Abigail, akivua viatu mlangoni. "And you. But you have to actually watch this time."

"Mimi si huwa nakuja kila mechi?"

"You come. You never watch."

Mtoto alisema kweli. Kwa misimu mitatu alikuwa amefika kila mechi na hakuwa ameona hata moja. Mara alikuwa akibishana na mtu wa maegesho, mara akiandika majina ya waliohudhuria, na ile siku Abigail alipookoa mipira miwili mfululizo, baba yake alikuwa nyuma ya vyoo akisuluhisha ugomvi wa nani atafungua kikao kwa sala. Ilimuuma. Akaapa kwamba safari hii atakaa kwenye kiti, kama watu, atazame mpira mwanzo hadi mwisho.

Lakini kwanza watu arobaini. Hapo ndipo Mugambi alipoonyesha akili, maana anawajua watu wake. Ukimwalika Mkenya wa Sydney kutazama mpira, atakuambia ana shift. Mrundi atakuambia ana shift, na baada ya shift ana kwaya. Lakini mpe mtu huyohuyo cheo: atafika nusu saa kabla ya wakati, kavaa suti, na mkewe nyuma yake akitaka kujua yeye ni naibu wa nani.

Tena yeye mwenyewe aliujua utamu wake. Katika jengo la ghorofa thelathini na moja huko mjini, ambako husimamia usafi wa ghorofa sita, kila mtu humwita "mate", yaani "rafiki" kwa Kiingereza cha huku, hata kijana aliyeajiriwa juzi. Miaka kumi na minne ya "mate" humfanya mtu mzima apende muhuri.

Basi vyeo vikatoka. Révérien, Mrundi anayepiga ngoma mpaka majirani wa mtaa wa pili wakaleta malalamiko kwa maandishi, aliteuliwa Mkurugenzi wa Ngoma. Oloo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akawa Ofisa wa Maneno Makali Yanayoruhusiwa. Jerotich, muuguzi asiyependa upuuzi, alikubali ukatibu kwa sharti kwamba vikao visizidi dakika thelathini, na sharti lake likaundiwa kamati ndogo. Palikuwa na Mratibu wa Upande wa Jua, Mratibu wa Upande wa Kivuli, na Mshauri wa Kudumu Kuhusu Ndege, kwa kuwa mwezi wa Septemba ndege weusi-kwa-weupe wa huku huwa na vifaranga na hupiga watu vichwani bila ubaguzi. Kila mmoja alipewa barua ya uteuzi na vesti ya reflekta ya njano yenye cheo chake mgongoni.

Kufikia Alhamisi jioni Kurugenzi ilikuwa na maofisa arobaini kamili, Mwenyekiti akiwemo. Mtu mmoja tu hakupata cheo. Huyu ni Goreth, mama yake Lyse, winga wa kushoto. Goreth hulea wazee katika nyumba moja ya Campbelltown, na vikao vyote vitatu vilimkuta akimwogesha mtu. Kanuni ni kanuni: asiyehudhuria hateuliwi. Kwenye rejista Jerotich aliandika, "Umma: 1."

Mazoezi ya mwisho yalifanyika Ijumaa na yalikwenda vizuri sana, ila hayakuwa na kelele.

"Mkurugenzi, mbona ngoma haipigwi?" aliuliza Mugambi.

"Chef, directeur hapigi ngoma," alijibu Révérien, mikono nyuma. "Directeur anasimamia."

"Na naibu wako?"

"Naibu ananisaidia kusimamia."

Oloo naye alisoma orodha ya maneno makali yaliyoidhinishwa. Yalikuwa matatu: "Refa, tafadhali," "Refa, kweli?" na, kwa kibali cha maandishi cha Mwenyekiti, "Refa, aibu."

"Wasee, mimi nimetusi marefa tangu nikiwa class four," alinung'unika Oloo. "Sijawahi kuombea tusi form." Lakini alisema hivyo huku akiipangusa reflekta yake.

Jumamosi kukapambazuka kwa jua na upepo. Kufikia saa saba mchana maofisa wote arobaini walikuwa uwanjani, wanang'aa kama mafundi wa barabara, wanasalimiana kwa vyeo. Mugambi alijichagulia kiti cha plastiki katikati kabisa, mkabala na mstari wa kati, akaweka koti lake juu yake. Abigail alimwona kutoka golini, akampungia glovu. Mugambi naye akampungia mkono, na kwa kweli moyo wake ulikuwa mweupe.

Ndipo alipotokea mwakilishi wa Ligi, Bi Kerrie, mama wa makamo aliyejipaka krimu nyeupe ya jua puani, mkononi ana kalamu na karatasi zake. Alipita mstari wa kwanza akihesabu kwa kalamu: ofisa, ofisa, ofisa. Akapita wa pili. Alipomfikia Goreth, aliyekuwa amekaa na chupa ya chai na kitambaa cha kupungia, alisimama, akatabasamu, akaandika alama.

"Nina maofisa arobaini na shabiki mmoja," alimwambia Mugambi kwa Kiingereza chake cha polepole. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Kwa kawaida huwa ni kinyume chake."

"Madam, hawa wote ni mashabiki. Wana dhamana tu."

"Aliyevaa reflekta yuko kazini. Aliye kazini hatazami mpira. Sheria yetu inataka mashabiki arobaini na ofisa mmoja. Wewe geuza tu, mate. Una dakika ishirini, la sivyo mechi inahama."

Mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura pale pale kando ya jiko la soseji. Akaeleza hali kwa ujumla, akaieleza kwa mapana, kisha akaomba watu thelathini na tisa wajiuzulu kwa hiari.

Kila mmoja aliishika reflekta yake kifuani. Hata soseji zilisikika.

"Nijiuzulu?" aliuliza Révérien. "Nilishatuma picha Bujumbura!"

"Mimi mathe wangu ameframe letter yangu Kisumu," alisema Oloo. "Iko sitting room, karibu na picha ya Bishop. Si uanze wewe, Mwenyekiti?"

"Cheo ni dhamana," alijibu Mugambi. "Na chombo hakiwezi kukosa nahodha."

Dakika kumi zikaenda hivyo. Ikapendekezwa maofisa wageuze reflekta ndani nje. Ikapendekezwa waitwe mashabiki waandamizi. Mtu akaulizia kama mimba ya Léonie, Mratibu wa Upande wa Jua, inahesabika. Bi Kerrie alikuwa anatazama saa, na wasichana golini walikuwa wameacha kupasha misuli, wamesimama wanatuangalia.

Goreth akainuka. Mwanamke huyu hapandishi sauti, ila wote walimsikia.

"Nimebadilisha shift tatu nije nimuone Lyse wangu anacheza," alisema. "Miaka miwili sijamuona. Wazee wangu nimemwachia mwenzangu Dévote, na yeye anaumwa mgongo. Sasa mutoto apelekwe mbali sababu ya vesti? Mutavua, ama nitawasema kwa Kirundi, na Révérien atawatafsiria."

Révérien, anayekijua Kirundi cha Goreth, alivua kwanza. Jerotich akafuata, kisha Oloo, kisha wengine mmoja mmoja, wengine wakiikunja reflekta polepole kama wanaaga. Lundo likawa refu mpaka magotini. Bi Kerrie akahesabu upya: thelathini na tisa, na Goreth arobaini.

"Safi. Na ofisa ni nani?"

Mugambi alikuwa bado amevaa yake. Sitaki kudanganya: hakuwa hata amegusa zipu. "Ni mimi," alisema, akainyoosha tai yake. Alipewa fomu, akaitia sahihi mara tatu, akagonga muhuri ambao hakuna aliyemwomba, na akaona jinsi busara ilivyo na malipo: wengine wote wamepoteza vyeo, yeye amebaki nacho, tena peke yake.

Kisha Bi Kerrie akamchukua kwa kiwiko, akampeleka mbele ya mashabiki, akamgeuza.

"Unasimama hapa. Uso kwa mashabiki, mgongo kwa uwanja. Dakika tisini zote. Wewe ndiye usalama wao. Ukigeuka kutazama mpira, uwanja hauna ofisa, na kama hauna ofisa, nasimamisha mechi. No worries?"

Mugambi alitazama kiti chake chenye koti. Kilikuwa hatua nne mbele yake na kilimtazama.

"Révérien," aliita haraka, "nakuteua Kaimu Mwenyekiti."

"Asante chef. Mimi ni muntu wa kawaida sasa," alisema Révérien, na tayari alikuwa ameiweka ngoma kati ya magoti.

"Oloo! Mwenyekiti Mwenza. Mwenyekiti kamili! Chukua cheo chote, na muhuri."

"Aah, Mzee, wacha tu ikae. Mimi niko na soseji yangu na view yangu."

"Jerotich?"

"Ombi limepokelewa," alisema Jerotich, akifungua mwamvuli wa jua. "Litajadiliwa katika kikao kijacho."

Alimgeukia Goreth, akaishia kunyoosha tai tena. Kuna mambo ambayo hata mwenyekiti huona haya kuyaomba. Goreth alichukua koti la Mugambi, akalikunja vizuri, akakaa kwenye kile kiti cha katikati, na firimbi ikalia.

Nami nawaambia, kule Minto hakujawahi kusikika ushangiliaji kama ule. Ngoma ya Révérien ilitikisa mabati ya choo. Oloo alimwambia refa mambo yasiyo kwenye orodha yoyote, kwa lugha tatu, na refa alicheka mara mbili. Watu walipiga vigelegele bila kujaza fomu yoyote. Yote hayo Mugambi aliyaona vizuri kuliko mtu yeyote, maana yalikuwa mbele ya macho yake. Mpira ndio ulikuwa nyuma.

Dakika ya sitini na nne Goreth aliruka juu akamwaga chai.

"Nani? Nani kafunga?" aliuliza Mugambi kwa pembe ya mdomo.

"Lyse! Lyse! Yesu wangu, Lyse!"

"Vipi? Kwa kichwa? Kwa mguu?"

Lakini Goreth alikuwa analia, na hakuwa mwandishi wa habari.

Dakika ya themanini na tisa kelele zilikatika ghafla. Mugambi aliona mikono ya watu arobaini ikienda vichwani, akajua.

"Penalti?"

"Yao," alisema Goreth. "Usigeuke, Mwenyekiti. Mama wa Ligi anakuangalia."

"Abigail anafanya nini?"

"Amesimama."

"Amesimama vipi? Katikati? Anaogopa?"

"Anatema mate kwenye glovu. Nyamaza sasa."

Miguu yake ilitaka kugeuka yenyewe, akaikaza. Ndege mmoja alishuka akampiga utosini, naye hakujikuna, kwa kuwa Mshauri wa Kudumu Kuhusu Ndege alikuwa mtu wa kawaida sasa, anakula soseji. Firimbi. Kishindo cha mguu. Kishindo cha pili, kizito zaidi, kama mpira unapogonga ngozi ya glovu. Nyuso arobaini zikabaki wazi, halafu zikapasuka zote kwa pamoja, na Mugambi akaona kwenye uso wa Goreth, kwa Oloo, kwa Jerotich asiyependa upuuzi, jinsi binti yake alivyookoa. Machozi yalimtoka hapo hapo, na hakuyafuta.

Firimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki wote walimpita mbio kuingia uwanjani. Alinyoosha mikono kuwazuia, kama fomu inavyosema, nao wakamzunguka kushoto na kulia wakimshukuru. Akabaki analinda viti vitupu.

"Dad!" Sauti ilikuwa nyuma yake. "Did you see it?"

"Nimewaona wote walivyokuona," alisema, bila kugeuka.

"That's not the same."

"Najua, mama. Najua."

Bi Kerrie akaja, akampa mkono na kumruhusu kugeuka. Abigail alikuwa mbele yake, tope hadi masikioni, na nyuma yake kundi zima. Bi Kerrie alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba katika miaka kumi na mmoja hajaona ofisa kama huyu: dakika tisini, penalti, ndege, na hakugeuza hata shingo. Fainali ingechezwa hapa hapa Jumamosi ijayo, na Ligi ingependa sana Mwenyekiti ashike nafasi hiyohiyo, kama wenyeji wangeridhia. Fomu alikuwa ameshaijaza.

"Jamani," alisema Mugambi, "labda nafasi hii izungushwe. Demokrasia."

Jerotich, kwa ufupi wake, aliwaambia wanaokubali Mwenyekiti aendelee wanyooshe mikono.

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa na glovu.

"Sorry, Dad," alisema Abigail. "We need the forty, and nobody else can go ninety minutes without looking."