Shamba Langu Lisilogawanyika kwa Tatu

Kwa Bwana Nakhungu,
Mpimaji wa Ardhi, Bondo.

Bwana Mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima pamoja na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni Nicodemus Okinyi, mwalimu mstaafu, uliyempimia shamba lake la kando ya ziwa mwezi wa Aprili, ukalipatia nambari 1000003. Kwa heshima naomba nambari nyingine, kwa sababu zifuatazo.

1. Nambari hii haigawanyiki. Nina wana watatu. Nimeigawa kwa tatu, ikabaki moja. Nimejaribu nambari zote hadi elfu moja, haikukubali hata moja isipokuwa moja yenyewe. Vitabu vya shule huiita nambari ya namna hii tasa. Mzee mwenye wana watatu haitwi hivyo na hati ya shamba lake.

2. Ooko, mwanangu wa kwanza, anafanya kazi Kondele na anataka kuoa. Kwa desturi yetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, kwa hiyo Ooko asipopata sehemu yake, wote watatu wamekwama. Mchumba wake, Winny, alikuja kutusalimu, akauliza kwa adabu atajengewa wapi. Nilimweleza kuhusu ile moja iliyobaki. Hajarudi.

3. Nikiigawa kwa saba, zinabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Mke wangu Seline, aliyekuwa akichambua dagaa wa omena karibu nami, aliweka ungo chini akasema, "Baba Ooko, wale watatu nawajua, niliwazaa mwenyewe. Huyu wa nne ni wa nani?" Tangu siku hiyo napakuliwa ugali uliopoa.

4. Jirani yangu Wakhisi ulimpa 720720. Nambari hiyo inagawanyika kwa kila nambari kuanzia moja hadi kumi na sita bila kubakisha kitu. Wakhisi ana binti mmoja tu, Metrine, naye ameolewa Kitale. Nilimwomba tubadilishane, akacheka hadi akakohoa.

Basi uje uzibadilishe wewe. La sivyo, itanibidi nizae wana wengine hadi watimie milioni moja na watatu, ndipo kila mmoja apate haki yake. Seline, kwa hali aliyo nayo sasa, hatakubali.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama mkwe wako ambaye nasikia amepata nafuu.

Wako katika hesabu iliyo sahihi,
Mwl. Nicodemus Okinyi

Baada ya kuandika: Kabla sijafunga bahasha, habari za ombi langu zimewafikia wana wa ndugu zangu. Wako kumi na watatu. Ukiongeza wangu, wanatimia kumi na sita. Wamekuja wote, wakaketi uani wakiisifu nambari ya Wakhisi. Tafadhali usiniletee nambari hiyo. Nimewaonyesha hati yangu, wakaona wenyewe kwamba shamba hili haligawanyiki, wakaenda zao. Walipoondoka nikawapimia wanangu watatu sehemu zao kwa hatua za miguu, Seline akishika kamba. Hapakubaki kitu.