Masikio Yangu Katika Nyumba ya Hakimu

Jumapili, 4 Mei

Tumekwenda kuitazama nyumba ya marehemu hakimu: mke wangu, kaka yake na mimi. Familia imeifungua kwa umma na kila kitu kipo kama kilivyoachwa. Miwani juu ya meza. Pasi ya mkaa jikoni. Vitanda vimetandikwa, na kamba mlangoni watu wasivilalie. Shemeji alisoma kila kibandiko kwa sauti. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na jina lake limechongwa kwenye jiwe la msingi la shule. Hutukumbusha. Mimi nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja, na jina langu halijaandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki.

Chini ya ngazi kuna picha ya familia. Hakimu amekaa. Nyuma, pembeni kabisa, amesimama mwanamume mwenye masikio yaliyotoka nje kama ya sufuria. Masikio yangu! Bila shaka ni mdogo wake hakimu, na bila shaka ni babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa bila kutuachia picha. Shangazi husema babu alikuwa seremala, lakini wakubwa huficha mambo. Mke wangu amesema kioo cha picha kilikuwa na vumbi.

Jumanne, 6 Mei

Mpango: nitambuliwe, jina langu liingie kwenye mchoro wa ukoo wa hakimu uliotundikwa ukutani mwa nyumba ile, Shemeji aje alisome kwa sauti. Nimekwenda kunyolewa ili masikio yaonekane vizuri. Kinyozi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Jioni Shemeji amepita, akanitazama, akauliza kama naumwa. Mtu wa damu ya mahakimu habishani ovyo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimevaa koti la harusi nikaenda kusimama kando ya picha, uso umeelekea upande uleule, nikisubiri mtu ashtuke. Saa nzima. Mgeni mmoja akanikabidhi mwavuli wake nimtunzie. Mwingine akaniuliza choo kiko wapi. Nilimwelekeza vibaya.

Mwishowe akaja mjukuu wa hakimu, mama mwenye rundo la funguo kiunoni. Kimoyomoyo namwita Bibi Funguo. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, nikageuza kichwa aone. Hakushtuka. Akaniuliza jina la babu. Nilipolitaja akalirudia polepole, kisha akaniomba nije Jumamosi na mkubwa wa familia yetu. Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa madaha. Mambo yameiva.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempeleka Shangazi, mwenye miaka themanini na sita. Shemeji akajialika. Shangazi akavaa miwani, akaisogelea picha, akaiinamia hadi nikadhani amesinzia.

"Huyu ni baba," akasema. "Ndugu wa hakimu wapi! Ngazi hii aliijenga yeye."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Bibi Funguo hakucheka. Alisema bibi yake alikuwa akilitaja sana jina la fundi huyo, ila hakubaki mtu wa kuwaonyesha ni yupi pichani. Akatusimulia. Kidato cha saba cha ngazi kililia tangu siku ya kwanza. Hakimu akamwita fundi mara tatu aje akinyamazishe. Mara ya nne mke wa hakimu akamvuta pembeni, akamsihi akiache hivyohivyo, maana kwa mlio ule alijua watoto wanashuka kuiba sukari. Hakimu alikufa akiamini ubao ule ni mkaidi.

Shangazi akasema utotoni alikuwa akimletea baba yake chakula, akiishia mlango wa jikoni. Ngazi yenyewe hajawahi kuikanyaga. Akashika mkono wangu, tukapanda tukihesabu. Cha saba kikalia. Akasimama. Akashuka kimoja, akakikanyaga tena.

"Baba huyo," akasema taratibu.

Nyumba ile ina vumbi jingi. Shemeji alinipa leso yake, kisha akaichukua akaitumia mwenyewe.

Kwenye kibandiko cha picha, baada ya majina ya familia, palikuwa pameandikwa "na fundi", kwa herufi ndogo ambazo hata Shemeji alizipita siku ile. Bibi Funguo akatoa kalamu akaandika jina kamili la babu palepale. Akaniomba niwe nakuja kila Jumamosi kuwasimulia wageni habari za ngazi. Sijafurahi hivi tangu nistaafu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya kwanza kazini. Saa tatu nilisimulia ngazi, neno kwa neno. Saa nne nikaongeza milango. Ilipofika saa sita babu alikuwa ameijenga nyumba nzima, paa likiwemo, hakimu akimpitishia misumari. Wageni walifurahi sana, hasa mama mmoja msanifu majengo. Akaniuliza kama michoro ya babu bado ipo. Nikajibu ipo, sandukuni, nyumbani. Bibi Funguo alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa upole kwamba angependa sana kuiona Jumamosi ijayo.

Hakuna shida. Nimeshanunua karatasi kubwa na penseli, na chai inachemka jikoni, maana karatasi ikilowekwa kwenye chai huzeeka vizuri. Mke wangu anadhani tuna wageni. Ameuliza ikolee kiasi gani.

Nimemwambia miaka themanini.