Moto Mara Mbili, Umeme Nusu

Jumatatu, 10 Novemba 2014
Mvua siku ya nne. Karafuu zote ziko ukumbini chini ya turubai, zinatoa jasho, zimeanza kunuka ukungu. Majamvi yametundikwa dirishani kama nguo za msiba. Leo Mama katoa hukumu. Kazigawa mafungu mawili, pishi kwa pishi, moja langu na moja la Kaka Soud. Atakayezifikisha zake kituo cha kuuzia karafuu Jumamosi zikiwa kavu, ndiye atakayeshika shamba. Mama magoti yamemkatalia, hapandi kilima tena.

Soud akacheka. Akasema kazi ya mwanamke ni kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, shamba lataka mwanamme. Mimi niliyelipalilia miaka kumi na moja, yeye akiwa Unguja anauza viatu! Kwa heshima ya Mama nikaendelea kuchambua. Moyoni nilimtukana mpaka matusi yakaniishia.

Jumanne, 11 Novemba
Nimepata akili. Kubwa! Kitanda cha chuma cha marehemu bibi, bati juu yake, na chini, juu ya matofali, koili ya jiko la umeme. Jua langu mwenyewe, bandani mwangu.

Nimemwita jirani, Mwalimu Cleopa, mtu wa Bara, asomesha fizikia skuli. Kaja na mita yake ya kupimia. Volti 230, ampea 5. Ukigawa volti kwa ampea wapata ukinzani, omu 46. Ukizizidisha wapata nguvu, wati 1150. Nikamuuliza ukinzani ndio nini. Akasema ni waya kuupinga umeme usipite, na umeme ukipingwa, waya hupata moto. Alikuwa bado anaeleza, lakini wali ulianza kuungua nikamwacha amesimama. Nilichokitaka nimekipata. Ukinzani ndio moto.

Niligusa bati likanibabua kidole. Lakini mimi nataka zaidi.

Jumatano, 12 Novemba
Ushindi! Nimenunua koili ya pili Chake Chake, nikaiunga kwenye mkia wa ile ya kwanza. Waya mrefu mara mbili. Mwalimu kapima: ampea mbili na nusu. Nikagawa mwenyewe, kwa kalamu yangu, mara tatu. Omu 92! Kutoka 46! Nikaruka.

Mwalimu hakuruka. Akazidisha, akanionesha wati 575, akasema nimeupunguza moto nusu. Nikamweleza taratibu, maana ni mgeni wetu, kwamba wati ni mambo ya mita ukutani, ndizo zinazoliwa. Kwa hiyo mimi nimepata moto mara mbili kwa umeme nusu.

"Dada Mwanawema," akasema, "moto ni wati. Si omu."

Nikampa chai. Masikini, kasoma sana.

Bati leo linashikika kwa mkono. Jana moto ulikuwa mbichi, leo umekomaa na kuingia ndani. Nimezimwaga karafuu, nazigeuza kila baada ya muda kwa kipande cha kifuu cha nazi.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimechungulia kwa Soud kupitia ufa wa ukuta wa makuti. Mwizi! Kitanda, bati, matofali, kila kitu kaniiga. Ila koili kaikata katikati, kabakisha nusu. Baadaye Mwalimu kaniambia alikwenda kumpigia hesabu: ampea 10, omu 23, wati 2300. Alimuuliza anapasha nini, Soud akasema siri. Mwalimu adhani ni maji ya kuogea.

Omu ishirini na tatu! Nilimwonea huruma kaka yangu. Nilitaka kumpelekea kipande cha waya. Nikajizuia.

Ijumaa, 14 Novemba
Watu wametoka kuswali Ijumaa wakakuta moshi umetanda kwa Soud. Nikakimbia na ndoo ya maji. Banda zima, Soud mzima, karafuu makaa. Mafuta yote yametoka, ukizibonyeza zinakuwa unga mweusi. Anasema moto ulizidi. Moto uzidi kwa omu 23! Aibu imempoteza akili, sikubishana naye.

Zangu ukizivunja zinalia. Hudhurungi, kavu, nzuri. Nililia kidogo nilipozishika. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoandika humu.

Jumamosi, 15 Novemba
Karani wa kituo aliitia moja mdomoni, akaing'ata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza nimeanika wapi na mvua hii. Nikasema omu tisini na mbili. Akaandika daraja la kwanza bila kuuliza tena.

Mama alikuwa amekaa kizingitini ananingoja. Alinishika mkono mbele ya Soud.

"Shamba shika wewe, mwanangu. Na yeye nduguyo atakuwa chini yako."

Nilimbusu mkono. Soud akaangalia kuku.

Jumatano, 19 Novemba
Mvua bado. Habari zimeenea. Tangu alfajiri wanakuja na magunia yao: Mzee Kificho, Bi Duni, Mabruki na mkewe, karibu kijiji kizima. Nimewaahidi wote, mbele ya Mama, kwamba kesho kutwa watazichukua kavu. Mama akaongeza kuwa mwanawe hakosi.

Nimeunga koili sita, mkia kwa kichwa, mstari mmoja. Omu 276! Mwalimu Cleopa alinisihi nisifanye hivyo, akapiga hesabu akapata wati mia na tisini na kitu, akakaribia kulia. Nimemwambia asihofu, mita haitajua hata kama tumewasha. Watu walipiga makofi.

Karafuu za kijiji zote ziko juu ya mabati. Nimewasha asubuhi. Sasa ni magharibi, nimegusa. Bado baridi.

Nimemtuma Soud Chake Chake akalete koili nyingine sita.