Kopo la Mkaa na Udi wa Bibi

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya watu watano na projekta.

Mnakijua kile kimashine changu. Usiyekijua: ni bomba lililojaa mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno. Unapitisha moshi, mkaa unanasa hewa ukaa. Ukiupasha moto unaitema, unaipima, halafu unatumia mkaa uleule tena. Leo kamati ilikutana hapa Tabora kupima mambo mawili: ufanisi na gharama. Wakiridhika, tunakifunga kwenye bani la kukaushia tumbaku kule Kaliua. Wasiporidhika, miaka minne yangu kwaheri.

Nimefikia kwa Shangazi, nyumba ileile aliyonilelea Bibi, Mungu amrehemu. Sanduku lake la mninga bado liko palepale. Nilikuwa nalikalia akinisuka, chumba kizima kinanukia udi. Tangu azikwe sijaisikia tena harufu ile. Jana nililinusa lile sanduku kimyakimya (msiniulize). Vumbi tupu.

Jioni nikaliweka kopo la mkaa stoo, karibu na kapu la migebuka, samaki wakavu walioshuka na treni ya Kigoma. Nikalifungua kuukagua mkaa. Kulifunga nikasahau. (Mhandisi mzima!)

Asubuhi natoka kuoga, nakuta kopo liko sebuleni, mfuniko umekazwa. Shangazi anatabasamu.

"Nenda mwanangu. Leo utang'ara."

Nikang'ara kweli, ngojeni.

Ukumbini nikawasalimu. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole wa hapahapa mjini, akaitikia, "Marahaba mwanangu, tuoneshe." Nikatamba! "Waheshimiwa, mkaa huu si kama wa jikoni. Huu unachagua cha kunasa!" Nikaumimina bombani, nikapitisha moshi. Kipimo cha moshi unaoingia na cha unaotoka vikasoma karibu sawa. Nikagonga kipimo. Wapi!

Nikasema basi niupashe moto, waone hata hicho kidogo kilichonaswa.

Ikaanza harufu ya migebuka, mkaa ulikuwa umeshajaa nayo usiku kucha kule stoo. Haikubisha hodi. Mama mmoja wa kamati akaziba pua na mtandio. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, huko Kaliua mnakausha tumbaku au samaki?"

Walicheka mpaka projekta ikatikisika. Nikampigia Shangazi. Mikono ina glovu za moto, nikaweka spika. (Kosa la pili.)

"Shangazi, kopo langu umelifanya nini?"

"Nimelitoa uani nikalifukiza! Bibi yako aliacha lini mzigo wa safari utoke humu ndani bila kufukizwa? Na lilivyokuwa linanuka samaki, ungeniaibisha."

"Umelifukiza na nini?"

"Kwa udi wake. Kile kipande kilichobaki, nilikificha kwenye kanga zangu miaka yote hii. Nikasema leo ndiyo siku yake, mjukuu anakwenda mbele ya wakubwa."

Bomba likazidi kupata moto. Migebuka ikapungua, na nyuma yake, taratibu, ukaja udi. Udi wa Bibi wenyewe. Nikawa na miaka minane, kichwa magotini kwake, sikio linauma kwa kitana, naambiwa, "Tulia wewe, hujafa bado."

Nikalia, jamani. Si machozi ya kistaarabu. Ya kamasi, na glovu mikononi!

Yule mama akashusha mtandio, akavuta pumzi. "Hata kwetu Isikizya bibi alifukiza hivihivi," akasema. Hakuna aliyecheka tena. Nikataka kuzima moto nibakishe japo kidogo, mkono ukagoma. Nikauacha ukanukia mpaka ukaisha.

Mwenyekiti akapangusa miwani. "Wiki ijayo lete mkaa mpya. Na Shangazi yako asiusogelee."

Sasa niko barazani, najaza fomu yao. Shangazi yuko jikoni anaimba, anaamini nimeshinda, na mimi sina moyo wa kumwambia. Ufanisi nimeandika: hafifu. Kwenye gharama nimekaa nusu saa, kisha nikaandika ukweli: kipande cha mwisho.

Atakayecheka, namletea kapu la migebuka. Bado lipo.