Ombi la Trela la Kumhamisha Mume Wangu Pamoja na Mtambo Wake

Ndugu Meneja wa Mitambo,

Salamu za heshima zitangulie, na pole kwa gharama.

Mimi ni mke wa dereva wa mtambo wenu wa kuvuta magogo, ule wa minyororo, mliouegesha uani kwangu msitu wa huku ulipokwisha. Mlimwambia mume wangu kuwa trela la kuupeleka msitu mpya ni ghali mno: kibali, gari la kutangulia na bendera nyekundu, fundi wa kukagua daraja. Basi asubiri mpaka upatikane mtambo wa pili wa njia hiyo hiyo, ili yote miwili ichangie nauli. Ni hekima. Lakini mvua zimeanza, zimekatika, mtambo mwenzake haujatokea, na dereva ninaye mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume niliyeolewa naye alikuwa wa kuja mwisho wa mwezi na kuondoka kabla hatujagombana. Huyu wa sasa anashinda nyumbani. Ametia grisi bawaba za mlango, na mlango haulii tena. Sijui nani kaingia, nani katoka.

2. Anasikiliza sufuria zangu kama injini. Juzi katega sikio jikoni, akasema, "Mama, hayo maharage yanagonga, punguza moto." Nimepika miaka yote hii bila fundi. La kuudhi zaidi, yalikuwa yanaungua kweli.

3. Kitinda mimba wetu alikuwa akimwita "mgeni", na kumwamkia kwa adabu zote. Siku hizi ni Baba asubuhi, Baba jioni, na halali mpaka asimuliwe gogo lililokataa kuvutwa. Mimi naitwa chakula kikichelewa.

4. Majirani wananipongeza: "Shoga, mumeo siku hizi katulia." Hajatulia, jamani. Kakosa usafiri.

5. Mtambo wenyewe umelowea. Kuku wanatagia chini ya kiti cha dereva, na waya wa kuvutia magogo ndio kamba yangu ya kuanikia nguo.

Kwa hiyo naomba mkodi trela, hata kwa mtambo mmoja. Bendera nyekundu nitaishika mimi, nitangulie kwa miguu. Daraja nitalikagua kwa kulirukia. Hayo yakishindikana, hamishieni msitu huku. Mti mmoja mmoja si mzigo.

Nisalimieni mhasibu, mlinzi wa getini, na yule binti wa simu ambaye kwake kila siku ni kesho.

Ni mimi, mwenye uani,
Mke wa Dereva

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, trela limefika, hata bila mtambo wa pili. Mtambo haujapanda kwa sababu ufunguo hauonekani. Mume wangu anapekua nyumba nzima, mwanawe nyuma yake kamshikia tochi, wanacheka. Mwiteni mwenye trela arudi zake, maskini, na mtambo wa pili msiutafute kwa haraka. Nami nimesaidia kutafuta kila mahali, isipokuwa kwenye fundo la kanga yangu, maana humo huwa nafunga tu vitu nisivyotaka viondoke.