Wenyeji Wapya wa Saint-Ouvrin

Inatangazwa kwa wanachama wote, na kwa yeyote mwenye masikio, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 2 Novemba 1998, Umoja wa Wafanyabiashara wetu hapa Guangzhou umehamia kijiji cha Saint-Ouvrin, nchini Ufaransa. Hakuna aliyepanda ndege. Tumehama kiofisi.

Mimi ni Katibu, kwa hiyo nitaeleza vizuri msije mkapotosha umma. Huko nyumbani Tanzania mteja akiona sweta la China anabetua midomo. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Jovitus, akapata magunia mawili ya lebo kwenye soko la jumla la Guangyuan Xilu. Mfaransa mmoja aliziagiza, kisha akaingia mitini. Lebo nzuri jamani! Kilima, kanisa juu yake, mto, ng'ombe watatu, na jina la kijiji. Mwenyekiti akaamuru zishonwe kwenye kila nguo itakayoingia kontena letu la pamoja.

Je, mteja akiuliza kijiji hicho kikoje? Hapo ndipo ilipozaliwa Kamati ya Jiografia. Tuliketi siku tatu, tukaikodolea lebo macho, tukatoa ripoti ya kurasa kumi na nne: wakulima mia mbili na kumi, hali ya hewa ya kuridhisha, mifugo mitatu. Kila mwanachama afanye mtihani wa mdomo. Asiyefaulu, mzigo wake haupakiwi.

Wengi walifaulu, maana walisema ndiyo.

Kisha akaingia Mama Felisia wa Machame, mwenye masweta ya shule elfu moja na mia mbili. Meli ilikuwa inaondoka Ijumaa, na shule hufunguliwa Januari. Sweta la shule likifika Machi ni tambara.

"Mto wa kijiji chetu unaelekea wapi?" Mwenyekiti akauliza.

Felisia akaisogeza lebo karibu na taa. "Mwenyekiti, hapa mto unapanda kwenda kanisani."

"Jibu sahihi. Endelea."

"Siendelei. Maji hayapandi kilima. Mimi nimekulia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, baba yangu alikuwa mchimbaji wake. Ukikosea mteremko kidogo tu, migomba inakauka. Hawa watu wanalima na nini?"

"Mama, hayo ni maji ya Ulaya."

"Hata ya mbinguni yanashuka, Mwenyekiti."

Nikaandika: mtahiniwa ana utovu wa nidhamu ya kijiografia. Tukamfelisha kwa kauli moja. Marobota yake yakashushwa, yakaachwa kando ya barabara. Alilia, sitaficha.

"Katibu, nimeuza shamba la baba kwa ajili ya masweta haya," akaniambia.

"Fuata taratibu," nikamjibu.

Hakufuata. Alizing'oa lebo zote, akawabembeleza Wakongo wa mtaa wa Dengfeng hapa hapa Guangzhou, ambao mizigo yao hupitia Dar es Salaam, wakampa kona ndani ya kontena lao. Yeye mwenyewe akatangulia kwa ndege.

Mwishoni mwa Desemba ikaja faksi ya Marijani, wakala wetu wa kutoa mizigo bandarini Dar. Forodha wamefungua kontena letu. Karatasi zinasema China, nguo zinasema Ufaransa. Ama iletwe barua ya mkuu wa kijiji cha Saint-Ouvrin, ama lebo zing'olewe zote, moja moja, mbele ya ofisa. Zilikuwa elfu tisa.

Mwenyekiti akapendekeza kwamba yeye ndiye awe mkuu wa kijiji. Akachaguliwa kwa shangwe, akajiandikia barua, akapanda ndege kuipeleka kwa mkono wake. Marijani anasema ofisa aliisoma mpaka mwisho, akamtazama, akampa wembe.

Siku nne alikaa juu ya robota kwenye jua la Januari. Aling'oa lebo mia sita, vidole vikavimba. Masweta ya Felisia yalikuwa yameshafika Moshi, na wazazi walikuwa wanayagombania. Siku ya tano Mheshimiwa akampigia Felisia simu kuomba msaada.

Felisia alishuka na basi la asubuhi pamoja na mafundi cherehani kumi na wawili, kila mtu na wembe wake. Hakumtukana wala hakumcheka. Alimpa karatasi na kalamu.

"Andika kwamba kamati zote zimevunjwa, na kila mtu anapakia mzigo wake. Ukishaweka sahihi, tunaanza."

Mheshimiwa akaandika juu ya goti.

Kamati zote, jamani, pamoja na yangu ya Jiografia! Sikuulizwa, sikupewa hata notisi ya wiki mbili. Nimezunguka kwa malaoban, yaani mabosi wa maduka, wa Guangyuan Xilu nikitaka kazi inayolingana na cheo changu, na wote wananijibu meiyou, hakuna. Februari niliposikia Felisia amerudi na kufungua stoo Dengfeng, nilivaa tai nikaenda kumweleza uzoefu wangu wa utawala. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Katibu, mgongo wako mzima?"

"Mzima kabisa, Mama."

"Basi beba hilo robota."

Nikabeba.